Nilivua kabureta nikaweka injekta: pikipiki haina neno, muuzaji ndiye mwenye neno

Yeyote anayetaka kukuuzia vifaa vya kugeuza pikipiki ndogo ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa bila umeme) iwe ya injekta (inayonyunyiza petroli kwa umeme), mwulize jambo moja kabla hujalipa: ikizimika barabarani, simu atashika nani? Mimi jibu nililipata kwenye mwinuko wa Riat, barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, mvua imeanza kudondoka na nyuma nimefunga trei za mayai ya mke wangu. Haikukohoa wala kutapatapa. Ilikata tu.

Nieleze kwanza nilifuata nini, maana stejini walinicheka. Boxer yangu hutembea kati ya Kisumu, kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kericho, ambako unakaribia mita 2,000. Kabureta haina habari na hayo. Jeti yake, kile kipande kinachopitisha petroli, ina tundu lile lile bondeni na mlimani. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, petroli inamiminika kama kawaida, pikipiki inakuwa mzembe na plagi ukiifungua ni nyeusi tititi. Injekta inaongozwa na kompyuta ndogo inayopima shinikizo la hewa na joto, kisha inatoa petroli ya kutosha tu. Hicho ndicho nilichonunua, na haki ya Mungu nimekipata. Hapo sina ugomvi.

Kufunga nilifungia uani kwangu, wikendi kadhaa. Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, kuunga waya kwa risasi ndiko kunakonilisha. Throtobodi, lile bomba lenye mlango wa kupitisha hewa, ilikaa vizuri mahali pa kabureta, sensa (vipimaji vya kompyuta) zikaingia, sina la kusimulia. Kilichonitoa jasho ni tangi. Kabureta hupokea petroli inayoshuka yenyewe. Injekta inataka pampu ya kuisukuma kwa karibu baa 3, na kwa vifaa vyangu ile inayozidi lazima irudi tangini. Kwa hiyo tangi litobolewe, lichomelewe mdomo wa pili. Hilo msijaribu nyumbani jamani. Tangi lisilo na petroli bado lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Nililipeleka jua kali Kibuye. Mzee aliyelishika alilisuuza kwa maji na sabuni, akarudia, akarudia tena, halafu akalijaza maji hadi pakabaki upenyo mdogo tu chini ya pale anapochomelea. Kila hatua alinieleza bila kuulizwa. Siku hiyo hiyo akachomelea na nati ya sensa kwenye bomba la moshi, na pesa aliyoniitisha niliona haya kumpa bila kuongeza. Mzee kama huyo ndiye angekuwa anauza hivi vifaa.

Ilipowaka mara ya kwanza, majirani walitoka. Unafungua ufunguo, pampu inalia zzzii kama sekunde mbili, inanyamaza, unabonyeza stata, inashika. Hakuna choki, hakuna kuzungushazungusha mkono wa mafuta asubuhi.

Sasa pale Riat. Nafungua ufunguo, taa zinawaka, pampu kimya. Napiga kiki, wapi! Zamani hata betri ikifa ungepiga kiki ukaenda zako. Kwa mfumo huu pampu isipopata umeme, petroli haifiki. Nikampigia muuzaji. Huyu ni mtu ambaye kabla sijalipa alikuwa halali WhatsApp, mkubwa hivi, mkubwa vile, tuko na wewe mpaka mwisho. Simu ya kwanza ililia hadi ikakatika. Ya pili aliikata mwenyewe. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nasikia watu wakicheka: “Boss, hizo vitu ziko sawa, zilipimwa. Shida ni nyinyi watu wa huko mnafunga na YouTube. Tafuta fundi.”

Watu wa huko! Huko wapi? Pesa ya watu wa huko ilipoingia kwenye simu yake, haikuwa na kasoro. Ule ujumbe nimeusikiliza mara nyingi kuliko mahubiri yoyote, na kila nikiusikiliza napata neno jipya la kumjibu.

Kijana wa boda alinivuta kwa kamba hadi Mamboleo. Pesa alikataa, akachukua trei moja ya mayai. Usiku nikatandaza waya zote mezani. Kwenye rilei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu, volti 12 zipo, kwenye pampu hakuna kitu. Nikachokonoa pini kwa sindano kutoka kwenye soketi yao, ile iliyokuja imeshafungwa, ambayo mkono wangu haukuwahi kuigusa. Masikio ya pini yalikuwa yamebana ganda la plastiki badala ya shaba! Nyuzi za waya zimekunjwa kando, mbili tatu tu ndizo zilizokuwa zinagusa, nazo zimeungua. Mtetemo wa pikipiki ulizimalizia. Nikapiga picha kwa kamera ninayokagulia bodi za simu, kitu kinaonekana kikubwa kama jengo, nikamtumia. Jibu lake: “Ah, hiyo ni kitu ndogo mkubwa.” Nimerudi kuwa mkubwa! Pole hakuna, na pini nyingine hakuna.

Mwanzoni nilishaandika kwamba vifaa hivi navipa nyota sifuri. Lakini tangu nibane ile pini upya, imenipeleka Kericho na kunirudisha, ile baridi ya asubuhi ya mashamba ya chai, na inashika kwa mguso mmoja. Plagi inatoka na rangi ya hudhurungi, safi. Basi nne. Hapana, tatu, kwa sababu pini nayo ni sehemu ya vifaa, haikuanguka kutoka mbinguni. Na suala la betri pia hawalisemi popote: pampu inakula umeme muda wote injini inazunguka, na pikipiki hizi ndogo hazichaji kwa nguvu sana. Pima volti za betri injini ikizunguka, ukiwa umewasha taa. Mita ikisoma karibu 14, endelea. Ikibaki 12 na kitu, shughulikia chaji kwanza, la sivyo utasukuma.

Kabureta yangu nilishaiuza, sirudi huko. Jamaa mmoja stejini anataka nimfungie yake. Nimekubali, na kabla sijafunga chochote nitafungua kila soketi nikague kila pini. Ila kununua atanunua mwenyewe, na simu atapiga mwenyewe. Ile sauti mimi sitaki kuisikia tena.