Majibu ya Baba yalivyotangazwa dirishani

Maabara moja hapa Kisumu wamenitumia ujumbe nikadirie huduma yao. Haya, nawakadiria.

Baba alikuwa anakojoa damu bila maumivu yoyote. Daktari akatuandikia kipimo cha NMP22, cha kutafuta dalili za kansa ya kibofu kwenye mkojo, pamoja na rufaa ya sistoskopi, ile kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu. Kwa kipimo sina neno. Matone machache ya mkojo kwenye kikasha cha plastiki, ukingoja kidogo mstari unatokea.

Tatizo ni dada wa dirishani. Baba amesimama mbele yake, kofia mkononi, foleni imejaa nyuma yetu. Dada hata hainui uso kutoka kwenye karatasi, anatangaza kwa sauti ya kondakta: "Mzee, imeonyesha. Ni kansa ya kibofu. Anayefuata!"

Nikamwambia, dada, hebu tuite daktari. Akanijibu, "Mashine haidanganyi." Kwenye foleni alikuwepo mama anayeuza samaki kwetu Ahero. Tuliposhuka kwenye matatu, watu walishaanza kumpa Baba pole.

Na mashine hiyo hudanganya! Daktari wa njia ya mkojo alitueleza kwa utulivu. NMP22 ni protini ya ndani ya kiini cha seli, na seli zikifa humwagika kwenye mkojo. Uvimbe huipandisha, ndiyo, lakini hata mawe, maambukizi, au mpira wa mkojo uliotolewa majuzi vinaweza kuipandisha. Tena uvimbe mdogo unaweza kukipita kipimo hivi hivi. Marekani walikiruhusu tangu 1996, na mpaka leo hakijachukua nafasi ya kamera. Pale dirishani nani alimuuliza Baba kama ana mawe au maambukizi? Hakuna.

Baba akakataa kamera. "Nimeshaambiwa. Mnatafuta nini tena?" Akawa anashinda chini ya mwembe, chakula hataki, wiki zinapita. Ni shangazi, dada yake mkubwa, aliyemkalisha akamsema mpaka akakubali.

Kamera ikakuta uvimbe mdogo kweli. Ukakatwa kupitia njia hiyo hiyo ya mkojo, nyama ikapelekwa kupimwa, na majibu yakasema haujaingia kwenye msuli wa kibofu. Hapo ndipo matibabu yanapoamuliwa, na mstari wa kile kikasha hauwezi kukwambia hilo.

Kwa hiyo kipimo kilisema kweli, lazima nikubali, na kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu. Halafu nakumbuka zile wiki. Damu inaendelea kutoka, uvimbe uko mle ndani, na mzee wa watu anajihesabu maiti kwa sababu ya sentensi mbili za mtu asiye daktari. Nyota moja. Na hiyo ni ya yule kijana wa kupokea mkojo, aliyemtafutia Baba kiti na kumwita "baba" kwa heshima.

Mwenye mzazi anayekojoa damu, hata mara moja tu, hata kama haumii, ampeleke hospitali upesi. Majibu yachukueni kwenye bahasha iliyofungwa, asome daktari, mlango umefungwa.

Na msimamizi wao akipita hapa ajue: Baba sasa anarudi kwenye kamera kila baada ya miezi mitatu, na mkojo wake hauji tena kwenu.