Nilikodi mbwa wa ulinzi miezi saba, sasa nafuga wangu: uzoefu wangu

Tulipohamia Goba, Dar es Salaam, ukuta ulikuwa haujaisha na majirani wawili walikuwa wameshavunjiwa. Mume wangu husafiri kikazi karibu nusu ya kila mwezi. Tukakodi mbwa kutoka kampuni moja ya ulinzi: saa 12 jioni gari linamshusha pamoja na askari wake, saa 12 asubuhi linawachukua.

Kwa ulinzi sina lawama. Nililala tangu usiku wa kwanza. Alikuwa German Shepherd mkubwa, na mtu alikuwa hajafika getini yeye ameshamsikia. Sikununua chakula, sikutafuta daktari wa mifugo, sikujenga banda. Krismasi tulifunga milango tukaenda zetu Moshi.

Kilichoniumiza ni hali ya mbwa mwenyewe. Msimu wa mvua alifika amelowa chapachapa, maana tundu la nyuma ya gari halikuwa na turubai. Mwezi wa nne alikuja anachechemea, kupe wamemjaa masikioni. Nikapiga simu ofisini, nikaambiwa litashughulikiwa. Kesho yake wakaleta mbwa mwingine, na yule hatukumwona tena. Mwanangu wa miaka 6 alikuwa amempa jina, Simba, na kila jioni alikuwa akimsubiri getini. Aliponiuliza Simba kaenda wapi nilikosa jibu. Tulimlipia kila mwezi, lakini hatukuwa na kauli yoyote juu yake.

Mkataba ulipoisha tukachukua mtoto wa mbwa, chotara wa miezi miwili. Mwanangu akampa jina lile lile.

Jamani, kufuga ni kazi. Usiku wa kwanza alilia mpaka alfajiri. Kuna chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuharisha na kutapika unaoua watoto wa mbwa), dawa ya minyoo, na akifikisha miezi mitatu chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo tunairudia kila mwaka. Kila siku apikiwe ugali wa dona na dagaa. Jirani yetu wa kushoto ni Mwislamu, mate ya mbwa yakigusa nguo yake hawezi kuswali nayo mpaka aitoharishe, kwa hiyo banda tulilijenga upande wa pili na wageni wakija tunamfungia. Na kwa ulinzi hakutufaa mpaka alipokaribia mwaka. Muda wote huo tulilipa mlinzi wa usiku. Moshi siku hizi hatuendi sote, lazima mmoja abaki. Mbwa kama huyu anaweza kuishi miaka 10 na zaidi, yaani mwanangu atafika kidato cha nne bado yupo.

Sijutii hata siku moja. Ila kama umepanga nyumba ya mwaka mmoja, au nyumbani hakuna anayeshinda, usichukue mtoto wa mbwa, kodi. Lakini kabla ya kusaini omba kuona cheti cha chanjo, mkague mbavu na masikio, uliza mchana analala wapi, na mkataba useme mbwa atakuwa yule yule. Wakikwepa maswali hayo, tafuta kampuni nyingine.