Kijiko cha kufunga nyuma ya Massey 375, uzoefu wangu wa msimu mmoja huku Mufindi

Kamwene wakuu. Mimi nalima Mufindi, viazi mviringo na mahindi na sasa hivi na parachichi kidogo kama kila mtu, trekta langu ni Massey Ferguson 375 ya mtumba, ile HP 75. Mwaka jana nikanunua kijiko cha kufunga nyuma ya trekta, yaani ule mkono wenye baketi wa kuchimbia, na kabla ya kununua nilihangaika sana kupata mtu wa kuniambia ukweli, wauzaji wote wanakuambia kizuri tu, kwa hiyo naandika nilichokiona mimi.

Sababu ya kutaka kijiko ni mitaro. Bondeni nina vinyungu, yaani bustani za bondeni, na masika maji yanasimama wiki nzima viazi vinaoza, halafu nilikuwa nataka kuvuta bomba kutoka kijitoni mpaka kwenye miparachichi. Kukodi kijiko kikubwa inawezekana, ila huku kwetu mpaka kifike shamba unalipia na lobedi, lile lori la kubebea mitambo, na lobedi lenyewe barabara yetu ikinyesha haliingii, sasa kwa mtaro wa mita arobaini unakuta safari imekula hela kuliko kazi. Vibarua nao nilijaribu, wanachimba vizuri tu lakini udongo wetu mwekundu kiangazi unakuwa kama tofali, siku ya tatu hawaji.

Kosa langu la kwanza nilikuwa naulizia kina. Muuzaji anakwambia hiki futi saba hiki futi tisa na wewe unavutiwa na cha tisa, wakati bomba unalifukia sentimita sitini sabini na mtaro wa kutoa maji mita moja imezidi. Kina kirefu maana yake mkono mrefu na mzito zaidi kwenye trekta lilelile. Kitu cha kuuliza kwanza ni kijiko kinashikwa na nini.

Hapo kuna aina mbili. Kuna kinachofungwa kwenye mikono mitatu ya plau, pointi tatu, na kuna kinachokuja na fremu yake inayopita chini ya tumbo la trekta kutoka nyuma mpaka mbele. Cha pointi tatu ni rahisi bei na unakifunga haraka, nusura nichukue hicho. Bahati nzuri kuna jamaa yangu Makambako anacho nikaenda kukaa naye siku nzima. Baketi ikikamata mzizi, badala ya mzizi kutoka kinanyanyuka kijiko chote na yeye akiwa juu yake! Na ukifikiria ni kweli, ile mikono ya plau inainua tu kwa nguvu, kushuka inashuka kwa uzito wake, haina kitu cha kuizuia isipande. Toplinki yake, ule mkono wa juu kati ya ile mitatu, ilikuwa imeshapinda. Na kiti chenyewe unakaa katikati ya kijiko na matairi ya nyuma, siku hiyo toplinki ikikatika unabanwa kama chapati, mimi nikasema hapana.

Niliporudi nikamuuliza fundi wangu, mzee mmoja ameshika Massey tangu ujana wake, akacheka. Akanambia, "Mwanangu, trekta hili halina chesisi kama lori. Injini, giaboksi na difu zimeshonwa kwa bolti, huo ndio mgongo wake, sasa wewe unataka kuning'iniza kitu kinachovuta na kusukuma kule mkiani kutwa nzima." Trekta likichanika nyumba ya difu hapo huongelei tena spea, unaongelea trekta. Fremu inagawa ule mzigo mpaka mbele. Basi nikaongeza hela, ilizidi kama theluthi hivi, mama watoto alinuna lakini ndio hivyo.

Jambo la pili ni mafuta ya haidroliki yanatoka wapi. Niliambiwa naweza kuchomeka tu kwenye haidroliki ya trekta. Ukweli pampu ya 375 imezama mle ndani nyuma na inatumia oili ileile ya giaboksi na difu, na imewekwa kwa ajili ya kuinua plau, sio kuendesha silinda sita za kijiko kwa pamoja. Kijiko kinafanya kazi ila kinatembea kama kinyonga, na hosi ikipasuka unamwaga oili ya giaboksi shambani. Chukua chenye pampu yake ya kuchomeka PTO, ile shafti inayozunguka nyuma ya trekta, na tenki lake. Changu kiko hivyo na sijutii, PTO sihitaji hata kuipeleka mpaka mizunguko 540 kwa dakika, naiweka chini kidogo na mkono unakuja laini. Ila asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, wanaoishi huku wanajua baridi yake, oili inakuwa nzito, lazima uiache izunguke kama robo saa ukinywa chai. Nilikuwa nimeweka oili namba 68 nikashuka 46 ambayo ni nyepesi zaidi, ikapungua uzito.

Sasa malalamiko. Niliuziwa kwa maneno kwamba fremu inaingia Massey zote. Uongo! Vibao vya mbele vya fremu vilikataa kukaa kwenye mashimo ya bolti pembeni ya injini, nikapiga simu naambiwa nitume picha, nikatuma picha, kimya. Fundi akachonga vibao vipya na kuchomelea, wiki nzima trekta limelala na msimu wa kulima unaingia. Kwa hiyo kabla hujatoa hela nenda na vipimo vya trekta lako au bora upeleke trekta lenyewe likafungiwe palepale. Na usisahau uzito wa mbele, hiki kitu kina kilo kama mia sita, siku ya kwanza nikipanda kilima cha nyumbani usukani ukawa mwepesi kabisa, tairi za mbele zinagusa tu ardhi. Nikaweka vyuma vya uzito mbele ndio nikalala usingizi.

Kazini kinafanyaje? Mitaro kiko vizuri sana, nimechimba yote ya bondeni. Nina baketi mbili, ya inchi 12 kwa bomba na ya 24 kwa mitaro ya maji, ila ile nyembamba udongo ukiwa na maji unaganda ndani unashuka kila mara kukwangua, masika siitumii. Visiki vya mipaini midogo vinatoka ukishakata mizizi pande zote, vikubwa usihangaike. Bwawa la samaki nilianza nikaacha, hiyo kazi kodi kijiko kikubwa. Na mashimo ya miparachichi watu wananiuliza sana, kinachimba ndio lakini unasogeza trekta, unashusha miguu ya kijiko ya kukishikilia chini, unachimba, unapandisha miguu, vibarua wanne wanakuacha.

Kufunga na kufungua ni kama nusu saa watu wawili, kwa hiyo mimi nakifunga kazi za plau zikiisha, sikitoi kila siku.

Kitu kingine grisi, pini zote kila asubuhi na mchana tena. Mimi nilipaka ila dereva wangu alikuwa na tabia ya kufagia udongo pembeni kwa baketi ili asawazishe, nikiwa sipo, na ile inaua pini na bushi za shingoni, pale mkono unapogeukia, kwa sababu hazikuwekwa kwa kusukuma pembeni. Mwezi wa tano shingo ikaanza kucheza. Bushi nimechongesha Iringa mjini, zimekaa vizuri, na dereva sasa anasawazisha kwa jembe la mkono.