Taa Zilipowashwa Katikati ya Filamu: Tathmini ya Ukumbi wa Sinema wa Mji Mdogo

Ukumbi wa sinema wa mji mdogo, ukipimwa kwa vigezo vya leo vya ung'avu wa picha, usafi wa sauti na ulaini wa viti, hauwezi kupata alama za kujivunia. Viti vya mbao vya ukumbi niliouzoea vililia kila mtu alipojigeuza, filamu zilitufikia zikiwa zimekwisha kuonyeshwa kwingi hadi zikajaa michirizi kama mvua, na sauti ya spika zilizofichwa nyuma ya pazia ilifika safu za mwisho imefifia. Hata hivyo, nimeingia katika kumbi nyingi za kisasa tangu wakati huo, na hakuna hata mmoja ulionikutanisha na watu kama ule.

Sababu yake, naamini, ilikuwa upungufu wa mitambo. Filamu ya milimita 35 husafirishwa kwa vipande, kila kipande kikiwa kwenye gurudumu lenye mkanda wa takriban mita 600, na kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde gurudumu moja huisha baada ya dakika 20 hivi. Kumbi kubwa zilikuwa na projekta mbili, na fundi aliyeona alama ya duara ikimetameta kwenye pembe ya juu kulia ya picha alihamia projekta ya pili bila watazamaji kutambua. Sisi tulikuwa na projekta moja tu. Gurudumu lilipoisha taa ziliwashwa, na watu waliokuwa wamezama gizani wakajikuta wanatazamana.

Hapo ndipo huduma yenyewe ilipoanza. Mzee wa safu ya mbele aligeuka kumuuliza jirani yake habari za mgonjwa, vijana wakabishana iwapo stelingi ataponyoka, na aliyechelewa kuingia akasimuliwa yaliyompita, mara nyingi kwa chumvi kuliko filamu yenyewe. Mama wa dirisha la tiketi alijua nani hasemezani na nani, akawakalisha mbalimbali bila kuulizwa, ustadi ambao sijauona katika programu yoyote ya kukata tiketi kwa simu. (Kwa wachumba waliokuja kujificha, nakiri, taa hizo zilikuwa adha.)

Lalamiko langu la dhati ni moja. Mkanda ulipokwama mbele ya taa ya projekta, doa la kahawia lilichomoza katikati ya uso wa mwigizaji, likatanuka, kisha pazia likabaki jeupe na miluzi ikaanza. Fundi alikata sehemu iliyoungua na kuziunganisha ncha mbili, kazi ambayo siku moja ilimchukua karibu nusu saa, na hakuna aliyerudishiwa nauli yake ya gizani.

Vipande alivyovitupa tuliviokota asubuhi yake nyuma ya ukumbi, tukavielekeza juani na kuhesabu vijipicha vilivyopona kimoja kimoja. Filamu hiyo ilipoonyeshwa tena, adui aliyekuwa kizingitini alionekana ghafla amefika mezani, na sisi tuliokuwa na hatua zake mfukoni tukacheka peke yetu.