Makome ya Kenya ya 1971: seti ya kuanzia, yenye stempu mbili za kusomwa kwa lenzi

Anayetaka kuanza kukusanya stempu za viumbe wa kwetu asikimbilie simba na tembo. Aanze na makome. Seti ya makome ya Kenya, iliyotoka tarehe 13 Desemba 1971, siku moja baada ya Sikukuu ya Jamhuri, ndiyo bora kwa kazi hiyo kuliko zote zilizobandikwa kwenye barua za Afrika Mashariki. Ni ya bei nafuu, imechapwa vizuri, na ina ugumu wa kutosha kumfundisha mtu kutazama.

Zenyewe ni stempu 15, kuanzia senti 5 hadi shilingi 20. Za senti ni ndogo, za shilingi 1 kwenda juu ni kubwa. Mchoraji ni Rena Fennessy, ambaye mkono wake utauona pia kwenye ndege wa Uganda wa 1965, wanyama wa Kenya wa 1966 na samaki wa Tanzania wa 1967. Seti hizo nne zikiwekwa pamoja zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na kazi zote zilichapwa Uingereza kwa Harrison and Sons kwa njia ya fotogravia, yaani kuchapa kwa bamba lenye vishimo vidogo vya wino. Ukiweka lenzi ya kukuza mara kumi juu ya gamba, rangi inaonekana ni vitone vidogo vilivyopangana sawasawa. Kumbuka sura ya vitone hivyo, vitakufaa siku utakayouziwa nakala iliyotolewa kwenye printa ya nyumbani, ambayo wino wake hutapakaa ovyo na meno yake, yaani kingo zenye vitundu, huwa yamekatwa badala ya kutobolewa.

Stempu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Zilikuwa za kazi: zilikaa kaunta za posta mpaka zilipopokewa na seti ya madini mwaka 1977, na ndiyo maana zilizotumika zimejaa hadi leo kwenye maboksi ya barua za zamani za makampuni, makanisa na mawakili. Thamani za chini hununuliwa kwa lundo. Za shilingi 10 na 20 ni chache zaidi, na nyingi zilipigwa mihuri mizito ya vifurushi hadi kome halionekani. Hizo mbili usinunue bila kuona picha.

Sasa tufike penye utamu. Ukimuuliza muuzaji seti kamili atakupa 15. Mkusanyaji makini huhesabu 17, kwa sababu stempu mbili zilichapwa na jina la kisayansi lenye kasoro, zikasahihishwa tarehe 21 Januari 1974. Ya kwanza ni senti 50, kome wa zambarau. Toleo la mwanzo linasomeka Janthina globosa; lililosahihishwa ni Janthina janthina. Hapo hata asiye na lenzi ataona tofauti. Ya pili ni senti 70, na hapa ndipo watu hupotezea hela: la mwanzo limeandikwa Nautilus pompileus, la pili Nautilus pompilius. Herufi moja tu, e badala ya i, kwenye maandishi madogo kama kichwa cha pini.

Mtu angedhani yenye makosa ndiyo ghali. Hapa ni kinyume. Zenye makosa zilitumika miaka miwili na zaidi, zikauzwa nchi nzima. Zilizosahihishwa zilikuja baadaye, seti ikiwa imeshakula zaidi ya theluthi ya maisha yake. Kwa hiyo jina sahihi ndilo adimu, na kwenye katalogi tofauti ya bei ni kubwa, hasa kwa stempu ambazo hazijatumika. Muuzaji asiyejua atakuuzia pompilius kwa bei ya lundo. Muuzaji anayejua nusu atakuuzia pompileus kwa bei ya juu akijisifu kwamba ana "stempu yenye kosa". Wote wawili wapo.

Ukinunua kwa mtandao, omba skani ya nukta 600 kwa inchi au zaidi, ya sehemu ya jina peke yake. Picha ya simu haitoshi, herufi e na i zinafanana ikiwa ukungu kidogo umeingia. Kisha soma muhuri. Jina lililosahihishwa halina namna ya kuwa na muhuri wa 1972 wala 1973. Ukikuta hivyo, ama umesoma vibaya, ama kuna mtu amecheza na stempu. Na muhuri ukiwa umelala juu ya jina lenyewe, achana nayo hata kama ni rahisi, maana hutaweza kuithibitisha wala kuiuza.

Kundi la tatu ni la 1975, ambapo stempu za thamani tatu ziligongwa thamani mpya juu: shilingi 2 juu ya 1/50 (shilingi moja na senti 50), shilingi 3 juu ya 2/50, na shilingi 40 juu ya 20. Ukiziongeza, jumla inafika 20 na ukurasa wa albamu umejaa vizuri. Kwa hizi, linganisha tarakimu zilizogongwa na picha ya stempu nyingine ya aina hiyo hiyo kwa unene, nafasi na rangi ya wino. Muhuri uwe juu ya tarakimu, usiwe chini yake. Stempu iliyogongwa thamani mpya juu ya muhuri wa posta imegongwa nyumbani kwa mtu.

Kama kitabu cha kutambulia makome, seti hii ina mapungufu ambayo anayenunulia mtoto au darasa afaa ayajue. Kwanza hakuna kipimo. Kauri wa senti 20 na kome mkubwa mwekundu wa senti 60 wanajaza nafasi sawa kwenye karatasi, ilhali baharini huyo wa senti 60, Cypraecassis rufa, hufika sentimita 15 na zaidi, na kauri huyo hafiki hata kumi mara nyingi. Kome wa zambarau wa senti 50 ni mdogo kuliko wote hao, sentimita tatu au nne, lakini kwenye stempu anaonekana mnene kama wenzake. Pili, jina lililochapwa ni la Kilatini, wakati watu wa Lamu hadi Vanga hawajawahi kulala njaa ya majina ya vitu vya baharini.

La tatu ni kubwa zaidi: si wote ni wenyeji. Nautilus wa senti 70, jamaa wa pweza mwenye gamba, haishi kwenye maji ya Kenya. Makao yake ni mashariki ya mbali ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Akifa, gamba lake lenye vyumba vya hewa huelea, mikondo hulibeba, na baadaye linatua kwenye fukwe zetu likiwa tupu. Kwa hiyo anayeokota ufukweni ameokota mgeni. Kome wa zambarau naye haishi mwambani; maisha yake yote anaelea juu chini akining'inia kwenye povu alilolitengeneza mwenyewe, akila viumbe laini wanaoelea kama yeye, na pepo za kusi zikivuma ndipo anatupwa mchangani. Stempu hizo mbili zenye makosa ya jina ni za viumbe wawili wanaofika pwani kwa kusukumwa tu. Labda ni bahati mbaya, labda waliosimamia majina nao hawakuwazoea.

Huyo mwekundu wa senti 60 ndiye mwenyeji hasa, na ana historia ya biashara: gamba lake lina tabaka la rangi ya machungwa chini ya tabaka jeupe, na Waitaliano walilinunua kutoka pwani ya Afrika Mashariki kuchonga vito vya sura za watu.

Tuje kwenye kazi ya mikono. Ukipata bahasha nzima yenye stempu hizi, usibandue kabla ya kusoma muhuri. Muhuri safi wa Lamu, Malindi au Kilifi kwenye stempu ya kome una thamani kuliko stempu yenyewe, na bahasha ikiwa nzima ndiyo bora. Halafu kumbuka kwamba wakati ule posta ilikuwa moja, Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na stempu za nchi moja zilikubalika kwa jirani. Stempu ya Kenya yenye muhuri wa Arusha au Kampala si kosa wala udanganyifu. Iache kwenye bahasha yake.

Kama bahasha imechanika na haina faida, kata karatasi ukiacha sentimita moja kuzunguka stempu. Tenga kwanza zile zilizo kwenye bahasha za kaki, nyekundu, au zenye kingo za rangi za barua za ndege, kwa sababu rangi ya karatasi hutoka na kuingia kwenye stempu, na ikishaingia haitoki. Hizo ziloweshe peke yake kwenye maji baridi. Nyingine tia kwenye maji ya vuguvugu, uso juu, zisizidi kumi kwa bakuli, dakika 15 hadi 20. Subiri stempu iachane na karatasi yenyewe. Ukivuta, utachuna sehemu ya nyuma na kuacha doa jembamba ambalo halionekani kwa mbele lakini mnunuzi yeyote ataliona akiinua stempu kwenye mwanga. Suuza kwenye maji safi kuondoa gundi iliyobaki, panga uso chini juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi (gazeti hapana, wino wake hutoka), na zikikauka ziweke katikati ya kitabu kizito usiku mmoja. Zikijikunja ujue gundi haikutoka yote.

Ambazo hazijatumika zina shida nyingine, nayo ni hewa ya pwani. Unyevu wa Mombasa au Tanga unatosha kulainisha gundi na kuzishikanisha stempu kwenye kurasa bila tone la maji. Baadaye huja madoa ya kahawia ya ukungu kwenye meno, na hayo huhama kutoka stempu moja kwenda nyingine. Albamu isimame wima, isibanwe, isikae ukuta wa nje wala chini ya dirisha. Pakiti chache za vinyonya unyevu, zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, zinasaidia mradi uzibadilishe. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu, iepuke. Inatoa mafuta ambayo baada ya miaka huchafua rangi.

Jua nalo ni adui. Stempu iliyofremiwa ukutani hufifia rangi moja kabla ya nyingine, na hapo ndipo huzaliwa "stempu adimu iliyokosa rangi" unayoiona ikiuzwa. Iliyokosa rangi kweli kiwandani haina hata kitone cha rangi hiyo chini ya lenzi. Iliyochomwa na jua bado ina vitone, vimepauka tu.

Ukishamaliza makome, pa kwenda ni wapi? Samaki wa Tanzania wa 1967 ni jirani wa karibu: farasi wa baharini kwenye senti 20 peke yake anatosha kukufanya ununue. Seti ile ni ngumu kidogo kwa sababu ipo kwenye karatasi za aina mbili, yenye chokaa na ya kung'aa. Vitabu vya zamani hushauri kugusisha kipande cha madini ya fedha pembeni, kwani karatasi ya chokaa huacha mstari mweusi. Usifanye hivyo kwenye stempu ya thamani, mstari hautoki. Inamisha stempu chini ya taa na uzoee macho.

Kwa Kenya, chukua seti ya 1977 ya viumbe walio hatarini, stempu tano tu: kobe bapa wa mawe, mamba, hirola, mbega mwekundu wa Mto Tana, na nguva kwenye shilingi 5. Hao ni wa kwetu bila ubishi, na nguva ndiye wa kumtafuta akiwa na muhuri wa pwani.

Za kuruka ni zile nyingi za wanyama zilizotolewa kwa jina la Tanzania kupitia mawakala wa ng'ambo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Zinapendeza, rangi zinawaka, lakini zitazame pande zote mbili: mbele muhuri upo pembeni umenyooka, na gundi ipo yote nyuma haijalambwa. Zilipigwa muhuri kiwandani, shiti nzima kwa mara moja, hazikuwahi kugusa barua. Lundo lake ni la bei ya njugu na litabaki hivyo. Ukipewa bure, mpe mtoto ajifunzie kushika kibano.