Katekoli 1,2-dioksijenesi au 2,3-dioksijenesi: kipi kinakufaa?

Vimeng'enya vyote viwili hupasua pete ya kaboni ya katekoli (kampaundi yenye vikundi viwili vya hidroksili, OH, vilivyo jirani) kwa kuingiza atomu mbili za oksijeni. Tofauti ni mahali pa kukata. Cha 1,2 hukata kati ya hidroksili mbili na kutoa sis,sis-mukonati. Cha 2,3 hukata pembeni mwao na kutoa semialdehidi ya manjano.

Katika upimaji, 2,3 kinashinda waziwazi: nyunyizia katekoli juu ya koloni za bakteria wenye kimeng'enya hicho na manjano hujitokeza upesi, au soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 375. Cha 1,2 husomwa nanomita 260, tena kwa kuveti (kichupa cha kupimia) ya kwatzi, kwa kuwa plastiki ya kawaida hufyonza mwanga huo.

Kwa uimara mambo hugeuka. Chuma kilicho ndani ya 1,2 ni Fe(III), yaani tayari kimeoksidishwa, hewa haikisumbui. Cha 2,3 ni Fe(II). Kikioksidishwa, kazi hukoma. Ndiyo maana bafa yake (myeyusho unaodumisha pH) hutiwa asetoni asilimia 10. Kikizimika, askobati (vitamini C) pamoja na chumvi ya Fe(II) huweza kukifufua. Jihadhari na 3-klorokatekoli, ambayo kwa kawaida hukilemaza.

Unasafisha uchafuzi wa toluini? 2,3 humudu methilikatekoli zinazotokana nayo. Njia ya 1,2 huweza kukwama kwenye laktoni, zao lisiloendelea kuvunjwa. Unataka mukonati ya kutengenezea asidi adipiki ya nailoni? Chukua 1,2.