Bafa za TCP kwenye Linux: upange ukubwa mwenyewe au uiachie kerneli?

Bafa ni kumbukumbu ya muda inayoshika data ya muunganisho wa TCP, na kerneli ni kiini cha Linux kinachoisimamia. Chukua laini ya gigabiti 1 kwa sekunde na ping (muda wa kwenda na kurudi) ya milisekunde 160. Zidisha: data iliyo njiani ni megabaiti 20 hivi. Dari la kawaida la tcp_rmem (mpangilio wa bafa ya kupokea) kwenye kerneli nyingi ni baiti 6291456, na karibu nusu tu ndiyo hutumika kama dirisha, yaani data inayoruhusiwa kuwa njiani kabla ya kuthibitishwa. Kwa hiyo muunganisho mmoja hukwama karibu na megabiti 150 kwa sekunde, hata laini ikiwa tupu.

Njia ya kwanza ni programu kuweka SO_RCVBUF, chaguo linalopanga ukubwa wa bafa ya kupokea ya soketi (ncha ya muunganisho ndani ya programu). Hapa wengi huumia. Ukiiweka, kerneli huacha kuirekebisha bafa ya soketi hiyo, na ukiomba zaidi ya net.core.rmem_max (mara nyingi 212992) hukatiwa kimyakimya. Pia iwekwe kabla ya connect au listen, maana kizidishi cha ukubwa wa dirisha (window scale) hukubaliwa mwanzoni mwa muunganisho. Kwa UDP, ambayo haina marekebisho ya moja kwa moja, hiyo ndiyo njia sahihi.

Ya pili ni kuinua dari tu na kuiachia kerneli irekebishe bafa (namba tatu ni kima cha chini, cha kuanzia na dari, kwa baiti):

sysctl -w net.ipv4.tcp_rmem="4096 131072 41943040"

Upande unaotuma, inua tcp_wmem (bafa ya kutuma) vilevile, kisha anzisha miunganisho upya. Muunganisho mdogo hautakula megabaiti 40. Bafa hukua kwa mahitaji. Kwa TCP sioni sababu ya kuchagua nyingine.

Ukipima kasi kwa programu ya iperf3, usitie -w: hiyo huweka bafa isiyobadilika, nawe utapima njia ya kwanza bila kujua.